Dakika Tano za Saa Nne

Karakana ya meno, 4 Februari

Dada,

Kaa chini kwanza. Kama uko dirishani na watu wamepanga foleni, iweke barua hii chini ya mizani uisome ukifika nyumbani, maana nakujua, utawafokea wateja bure.

Nimepata kibali cha kisiwa. Kisiwa chetu, kile cha kwenye ramani iliyokuwa ukutani kwa Mama, chenye umbo la kiatu kilichokanyagwa kisigino. Siku kumi, mwezi wa Mei. Ofisi ya hifadhi hupeleka mtu mmoja tu kila baada ya miaka mitatu, kwa sababu ya ndege wanaotaga kule, na safari hii mtu huyo ni mimi. Tangu jana sijatulia. Nimesaga meno bandia ya mzee mmoja mpaka yakabaki kama ya mtoto wa chekechea. Imebidi niyaanze upya.

Meli ya wataalamu wa hali ya hewa itanishusha, kisha itanipitia ikirudi. Kisiwani kuna kibanda kimoja, tangi la maji ya mvua na ndege, basi. Watafiti wa ndege wameshakwenda, lakini kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyebeba redio. Unajua maana yake, Dada. Waendesha redio wa ridhaa dunia nzima wana pengo hapo kwenye orodha zao. Nikiwasha tu, wataniangukia.

Nina maombi mawili. La kwanza, lile daftari lako la kijani, uliloandika mipango yote ya kisiwa. La pili, uwe mtunza kadi wangu. Kila nitakayewasiliana naye atataka kadi ya uthibitisho, na bila kadi iliyosainiwa mawasiliano hayahesabiki. Namtaka mtu makini, asiyejua kudanganya, anayeifahamu posta. Nimefikiria sana nikaona hakuna mwingine.

Msalimie Mama. Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Kijiti


Nyuma ya posta, 12 Februari

Kijiti,

Niliisoma dirishani. Sikumfokea mtu. Nilimpa bwana mmoja stempu arobaini badala ya nne, naye akaziweka mfukoni akaondoka, sijui ana ndugu wangapi.

Hongera.

Sasa nikuambie ukweli. Nina wivu. Nimeliandika neno hilo, nikalikata, nikaliandika tena. Nani alikukalisha kitandani ukiwa na miaka tisa akakufundisha nukta na mistari? Tulikuwa tukigongeana kwa vijiko kwenye kile kitanda cha chuma, wewe ukikosea kila herufi ya tatu. Nani alikiona kisiwa kile kwanza? Ulikuwa hujui hata upande upi wa ramani ni juu.

Mimi niliomba kibali kabla yako. Uliijaza fomu ile pamoja nami, hukumbuki? Ndio mwaka tuliokuwa tunahamahama, ikabidi niweke anwani yako. Hawakunijibu. Siku zote hizi nimekaa hapa nikipanga barua za watu nikitafuta ya kwangu. Wewe umeomba, wewe wamekujibu. Labda wanapenda watu wasio na mume wala mgonjwa.

Na sasa wewe uende, mimi nilambe stempu. Walipoondoa mitambo ya simu za maandishi wakanihamishia dirisha la stempu, nilidhani nimemaliza sehemu yangu ya kudharauliwa. Kumbe ilibaki kidogo kwa ndugu yangu.

Mama hajambo, nyonga tu. Tumemhamishia chumba cha redio kwa kuwa kina jua la asubuhi. Anakaa pale na kopo lake la vifungo, ananitazama nikiwasiliana kama mtu anayemtazama mpishi. Akitaka chai anagonga meza kwa mkongojo. Nimemwambia habari zako. Amesema, "Mwambie abebe soksi." Mama huyo huyo alinishikia kitabu miezi mitatu nikijiandaa kwa mtihani wa simu za maandishi, akinisahihisha kila nukta, na sikumbuki hata siku moja kuniuliza habari za soksi.

Nitafikiria habari ya daftari.

Dada yako


Karakana ya meno, 20 Februari

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa na koleo mkononi na nimesahau nilikuwa nashika nini. Usiseme nimekudharau. Nakuomba uwe mtunza kadi kwa sababu watu watayaamini maandishi yako kuliko yangu.

Kuhusu ofisi kutokukujibu, sijui niseme nini. Ofisi ni ofisi.

Tuzungumzie kazi. Meli inaniruhusu kilo tisini, na mimi mwenyewe nimehesabiwa mbali, nashukuru. Redio mbili, moja ya akiba. Betri mbili kubwa na paneli za jua. Jenereta nimeiacha, ina kelele na itawatisha ndege. Mlingoti wa vipande sita vinavyoingiana. Nimeujaribu juu ya paa la karakana, nikatandaza na waya, nikashuka kunywa maji. Niliporudi daktari, mwenye karakana, ameshaanika aproni zake zote juu yake. Nimemweleza kwamba ile si kamba ya nguo. Akasema, "Basi mbona umeifunga vizuri hivyo?"

Kinachonitisha ni usingizi. Niko peke yangu, hakuna wa kunipokea zamu. Nimepanga kulala saa mbili, kuamka, kufanya kazi saa nne, kulala tena saa mbili. Najizoeza na saa ya mezani. Wiki hii nimeitupa ukutani mara mbili.

Na kuna jambo nimelipanga kwa ajili yako. Kila siku saa nne asubuhi, wakati wako wa chai, nitasimamisha foleni yote dakika tano na nitakuita wewe peke yako. Hata wawe watu elfu wanasubiri, watangoja. Wewe unavuka ua tu, unaingia nyumbani, unawasha. Nataka jina lako la hewani liwe kwenye daftari langu. Bila hilo, kwenda kwangu hakuna maana.

Nitumie daftari, Dada. Tafadhali.

Kijiti


Nyuma ya posta, 3 Machi

Kijiti,

Daftari hili hapa. Nimelifunga kwa karatasi mbili na kulipima mwenyewe. Nilisimama na kifurushi mkononi muda mrefu mpaka mama wa dirisha la vifurushi akaniuliza kama nina mgonjwa.

Usiandike ndani yake. Ukitaka kunakili, nakili.

Ukurasa wa kumi na mbili: waya ni mita kumi na sentimita tano kila upande, si zaidi. Wewe una tabia ya kukadiria. Meno ya watu unaweza kukadiria, waya hapana. Ukurasa wa kumi na tisa: maungio yote uyafunge kwa mpira, chumvi inakula shaba kwa siku mbili. Ukurasa wa ishirini: kamba za mlingoti uzifunge vitambaa vyekundu ili ndege wazione. Hilo la vitambaa nililiwaza mimi mwaka niliomzaa mwanangu wa kwanza, nikiwa nimelala hospitali, wenzangu wanawaza majina.

Kitabu chote hicho nilikiandika kana kwamba nakwenda kesho. Hata mahali pa kuweka kikombe nimepachora. Utakuta kikombe kimoja tu, kwa hiyo usinambie nilipanga twende wawili. Nilipanga niende mimi.

Nitakuwa mtunza kadi wako, kwa sababu ukimpa mtu mwingine atakuharibia na watasema familia yetu haijui kazi. Lakini hizo dakika tano zako, usijisumbue. Sitakuita. Siwezi kupanga foleni kuomba niandikwe kwenye kisiwa changu mwenyewe. Wahudumie hao watu elfu.

Mama anauliza soksi ngapi.

Dada yako


Chumba cha wageni karibu na meli, 6 Mei

Dada,

Kesho alfajiri napanda. Soksi jozi nane. Waya nimeupima mara nne.

Najua ulichosema, lakini nitakuita tu. Kila siku, saa nne.

Kuna jambo nimekuwa nikitaka kukuambia tangu Februari, na kila nikianza kuandika nakuta nimeandika habari za betri. Nikirudi nitakuambia.

Kijiti


Karakana ya meno, 2 Juni

Dada, Dada, Dada!

Nimerudi, nimeungua pua, nimepungua, na vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki vizuri kwa kugonga. Mawasiliano elfu nne mia tatu na kumi na nane. Yote yamo kwenye madaftari saba niliyokutumia kwa kifurushi. Daktari ameniangalia akasema nimekuwa kama mswaki uliotumika.

Vitambaa vyekundu vilifanya kazi. Hakuna ndege hata mmoja aliyegonga kamba. Walikuwa wanakuja kuvitazama, wanainamisha vichwa, kisha wanaondoka. Kikombe nilikiweka pale pale ulipochora na ni kweli, ndipo mahali pekee ambapo upepo hauingii. Nilikaa ndani ya daftari lako siku kumi, Dada. Kila kitu kilikuwa kama ulivyosema, na wewe hujawahi kufika. Siku nyingine nilikuwa naona haya kuwa mimi ndiye niliyekanyaga pale.

Siku tano za kwanza nilikuita na hukuja. Wenye haraka walikuwa wakinitukana kwa nukta, wanataka kujua huyu anayesubiriwa ni mfalme gani. Siku ya sita ulipojibu, niliangusha kikombe.

Sitasema mengi ya siku hiyo, kwa sababu uliyasema wewe kwa maneno machache na yamenitosha. Kwa kuwa umekwisha kunisamehe habari ya ile barua, nimelala usingizi ambao sijaupata miaka minne. Sikudhani ungekuwa mwepesi hivyo. Nilijiandaa kwa matusi.

Mara tu nikipata ruhusa nitakuja nimwone Mama.

Mdogo wako aliye na amani,
Kijiti


Nyuma ya posta, 9 Juni

Kijiti,

Madaftari saba yamefika. Nimeanza kuandika kadi. Mwandiko wako wa siku ya tisa unahitaji daktari, lakini nimeuweza.

Leo nimefika daftari la nne. Mawasiliano namba 2,207, siku ya sita, saa nne na dakika tatu asubuhi. Jina la hewani ni langu.

Mimi sikukuita. Redio yenyewe sikuiwasha siku zote kumi. Na siku hiyo hasa, alikuja mkaguzi kutoka makao makuu, akatukalisha madirishani toka tulipofungua mpaka mchana, hata chai hatukunywa. Mama wa vifurushi ni shahidi, alikuwa karibu kuzimia kwa njaa.

Sasa niambie. Ulinionea huruma? Ulikaa kule na ndege wako, ukaona aibu kwamba dada yako hakuja, ukaniandika tu ili nisikose? Kijiti, daftari likiwa na uongo mmoja, kadi zote elfu nne ni uongo. Umeniomba mimi kwa sababu sijui kudanganya, kisha umeniletea uongo wenye jina langu niusaini kwa mkono wangu. Hata zawadi zako zina dharau.

Au kama kuna mtu alitumia jina langu hewani, nataka kumjua. Miaka ishirini na sita nimelitunza jina hilo.

Na kitu kingine. Nimesoma barua yako mara tatu. "Habari ya ile barua." Barua gani?

Dada yako


Karakana ya meno, 13 Juni

Dada,

Nimeacha meno ya watu mezani nikuandikie.

Naapa sikukuandika kwa huruma. Nilikusikia. Nakuandikia yote kama yalivyopita, sijaongeza.

Saa nne nilisimamisha foleni nikakuita. Dakika ya tatu likaja jina lako la hewani, polepole sana. Mkono ulikuwa mzito, mistari mirefu, kama mtu anayebisha hodi. Haukuwa mkono wako ninaoujua. Nikadhani ni hasira, au unalia. Kisha ukagonga: KIJITI KIJITI. Nani mwingine duniani ananiita hivyo kwa nukta? Nikajibu: DADA. Ukagonga: UMEKULA. Nilicheka peke yangu kibandani, maana lini umewahi kuniuliza kama nimekula.

Nikaona kama sitasema wakati huo sitasema tena. Nikagonga: NILIFICHA BARUA YAKO. ZAMU ILIKUWA YAKO. NISAMEHE. Nikadhani umezima. Halafu: YAMEKWISHA. RUDI NYUMBANI.

Hayo ndiyo yote.

Kama hukuwa wewe, basi sijui nilizungumza na nani, na hukujua, na sasa lazima nikuambie upya, kwa wino, jambo ambalo nilidhani nimeshalimaliza.

Ofisi ya hifadhi ilikujibu, Dada. Barua ilifika kwangu miaka minne iliyopita, wiki ile ile Mama alipoanguka akavunjika nyonga. Walikukubali. Niliiweka kwenye sanduku la meno ya sampuli, nikajiambia nitakupa Mama akipata nafuu, maana utaumia tu kuisoma ukiwa huwezi kwenda. Wiki zikapita. Wakaandika tena kuuliza kama unathibitisha. Nikawajibu mimi. Nikasema mwombaji ana mgonjwa na hataweza, nafasi wampe mtu mwingine, na mimi mdogo wake waniweke kwenye zamu inayofuata.

Nilijua ninachofanya. Tangu utotoni kila kitu nilikipata kwako kikiwa kimeshavaliwa. Nguo, viatu, vitabu, hata nukta na mistari. Nilitaka kitu kimoja ambacho wewe hujakifikia kwanza.

Barua yako iko ndani ya bahasha hii. Ni yenyewe.

Kijiti


Nyuma ya posta, 30 Juni

Kijiti,

Nimekaa na barua hizi mbili, yako na yangu, wiki mbili na ushei. Nilianza kukuandikia mara tano. Ya kwanza shemeji yako aliichoma jikoni, akasema hata posta isingeikubali.

"Tunafurahi kukuarifu." Jina langu lote limepigwa kwa mashine, halikukosewa hata herufi. Tarehe, muhuri, sahihi. Kumbe nilipokuwa nasimama asubuhi kwenye marobota ya barua za watu, nikiyapekua kama kuku, yangu ilikuwa imelala kati ya magego ya plasta. Nilikuwa nimeshakubali kwamba sikufaa. Hilo ndilo ulilonifanyia. Safari ni safari, lakini uliniacha miaka minne nikijiona mtu ambaye hata ofisi ya ndege haikuona haja ya kumjibu.

Nina hasira, na nitakuwa nayo muda mrefu. Nakuambia ili usidhani imepita.

Sasa la kwangu, maana nami nilikudanganya. Redio iliwaka siku zote kumi. Niliiacha imewashwa kwenye masafa yako hata nikiwa kazini. Siku tano za kwanza nilivuka ua saa nne kamili, nikakaa kwenye kiti, nikaweka mkono karibu na kigongeo. Nikakusikia unaniita. Dada, Dada, Dada. Watu wa dunia nzima wamenyamazishwa kwa ajili yangu. Nami sikugonga. Nilifurahi kukuacha uite, Kijiti. Dakika tano zikiisha nilikuwa nasikia jinsi unavyorudi kwa wale wengine ukiwa mnyonge, nami narudi kuuza stempu nikiwa nimeshiba. Siku nne za mwisho ulipoacha kuniita, sikujua kwa nini, nikadhani umenichoka. Ilinikera kuliko yote. Kumbe uliona umeshanipata.

Na siku zote hizo Mama alikuwa pale na vifungo vyake, akiutazama mkono wangu.

Nilipofika kwenye barua yako mahali palipoandikwa "umekula", niliiweka chini. Kuna mtu mmoja tu anayeuliza hivyo kabla hata ya salamu. Nikaenda chumbani kwake.

"Mama, umegusa redio yangu?"

"Ilikuwa inaita," akasema, hakuinua macho. "Mtu anaita siku tano hajibiwi. Ingekuwa mlango ungeniacha nisifungue?"

"Umejua lini hayo mambo?"

"Nilikushikia kitabu miezi mitatu, au umesahau? Na vijiko vyenu kwenye kitanda cha chuma, miaka minane, mkidhani nimelala. Yote mliyokuwa mkinisema niliyasikia. Niliwahi kuitwa kobe."

Aliyemwita hivyo ni wewe, kwa taarifa yako.

Nikamwuliza mbona tunaishi nyumba moja mwaka wa nne huu na hajawahi kunigongea hata herufi moja. Kijiti, nilimwuliza hivyo, mtu mzima mwenye miaka hamsini na mmoja. Kwamba hata hilo ulipate wewe.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yamelowa. "Wewe uko hapa. Nikugongee ya nini? Nakuita tu, unakuja."

Basi nikakaa kitandani kwake. Nikamwambia, "Alikuambia alichonifanyia. Ukamjibu yamekwisha. Kwa jina langu."

"Yuko peke yake na ndege, analia kwa nukta. Ungemjibu nini wewe?"

"Ningemjibu kwamba hayajakwisha."

"Ndiyo maana nilijibu mimi," akasema.

Sasa naelewa kwa nini tangu mwezi wa Mei anaisifu chai yangu. Kila kikombe, "Leo umeiweza." Nikadhani uzee.

Nilikuwa nimesimama kuondoka akaniita. "Hebu niambie. Barua ile ingefika mkononi mwako wiki ile, ungekwenda?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ningekaa nawe, Mama, na angefurahi, na mimi ningeonekana mwema kuliko wewe milele. Nilitaka sana kuonekana mwema kuliko wewe.

"Ningekwenda," nikasema.

"Na mimi nyonga imevunjika?"

"Ningekwenda, Mama. Ningelia meli nzima, lakini ningekwenda."

Akavichanganya vifungo vyake kwa kidole, akachagua kimoja cheusi, akakirudisha. "Vizuri," akasema. "Basi kajaze fomu."

Nimejaza. Zamu ijayo ni baada ya miaka mitatu. Nitakuwa na hamsini na nne, na nimeangalia, hawana umri wa mwisho. Anwani ya kujibiwa nimeweka dirisha langu mwenyewe. Fomu niliipiga muhuri kwa nguvu mpaka mama wa vifurushi akaruka.

Daftari la kijani nirudishie kwa rejista. Kama umeandika ndani yake nitajua.

Kuhusu kazi yako: kadi zote zimeandikwa na kusainiwa, isipokuwa moja. Namba 2,207 nimeipiga mstari mwekundu. Aliyewasiliana nawe hana leseni, na jina alilotumia si lake. Kwa hiyo mawasiliano yako ni elfu nne mia tatu na kumi na saba, na mimi simo kwenye kisiwa hicho. Na lile neno "yamekwisha" nimelipiga mstari pia, kwa sababu hiyo hiyo.

Ukipata ruhusa, njoo umwone Mama. Chumba kipo. Sitakuwa mzuri wa kuongea, jiandae.

Na wakati wangu ukifika, utakuja ukae na Mama wiki nne, za meli na za kisiwani. Utakuwa mtunza kadi wangu, na utalamba stempu mpaka ulimi ukauke. Kila siku saa nne asubuhi nitasimamisha foleni dakika tano na nitakuita. Uniombe hapo msamaha, mimi, si Mama, usikilize mkono wangu unavyokujibu. Nitakachokujibu bado sikijui. Lakini nitajibu. Sitakuacha uite.

Mama anagonga meza kwa mkongojo. Nilikuwa nimeshainuka kwenda jikoni, nikasimama kusikiliza vizuri kwa mara ya kwanza. Hataki chai. Anauliza kama umekula.

Umekula?

Dada yako